Usukani Ulisingiziwa: Kisa cha Roadster ya 1991 Iliyokuwa Ikitupa Mkia

Mteja alikuja Jumatano alasiri, mvua ya mwaka imetoka kunyesha, matope ya Shimanzi yamemrukia mpaka kwenye vioo. Kabla hajazima injini alikuwa ashatoa hukumu: "Fundi, gari hini yataka kuniua. Usukani wake mbovu."

"Zima kwanza, ami, tuongee."

Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya 1991. Eunos ni jina ambalo Mazda ililitumia Japani kuliuzia gari ambalo kwingine watu wanalijua kama MX-5: viti viwili, paa la turubai, injini mbele, nguvu inakwenda tairi za nyuma, na uzito usiofika tani moja. Hili liliteremshwa Kilindini mwaka 1997, likiwa na miaka sita. Leo lisingepita, maana gari kuukuu lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo haya machache yaliyopo ndiyo hayo hayo, yanapita mkono hadi mkono, na kila mkono huacha alama zake chini ya gari. Ami ni mkono wa nne.

Mimi huwa simuulizi mtu gari lake lina ugonjwa gani. Atakujibu kwa jina la kipuri, na jina hilo litakukaa kichwani likupoteze. Namuuliza lini, wapi, kwa mwendo gani, na mguu wake ulikuwa ukifanya nini. Majibu ya ami nimeyaandika hivi kwenye daftari: juu ya Daraja la Nyali, upepo wa kusi ukivuma, gari halitulii, lazima alirudishe rudishe kwenye mstari. Kwenye mifereji iliyochimbwa na malori upande wa Changamwe na Jomvu, linafuata mfereji kama ng'ombe anayerudi zizini. Kwenye matuta kuna mlio nyuma, ku-tu, ku-tu. Na hili la mwisho ndilo lililomfanya aje: kwenye raundabauti, lami ikiwa na maji, aliachia mafuta ghafla kwa sababu tuktuk ilimkatia mbele, na mkia ukaondoka. Akajikuta anatazama alikotoka.

"Ulikuwa unakata kulia?"

"Raundabauti utakata wapi tena, fundi?"

Kweli. Sisi twaendesha kushoto, raundabauti yote ni kona ya kulia, na kwenye kona ya kulia uzito wa gari huegemea tairi za kushoto. Nikaongeza neno moja daftarini: nyuma kushoto. Nikaliwekea alama ya kuuliza, kwa sababu kubahatisha mapema ni tabia mbaya, na siku hiyo hiyo ningekuja kuonyeshwa kwa nini.

Halafu akanipa historia ya matibabu. Tairodi mbili mpya, zile fimbo zinazopeleka mgeuko wa usukani kwenye tairi za mbele. Shokomzoba nne mpya. Tairi mbili mpya, zimefungwa mbele. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, mara tatu, mahali patatu mbalimbali, na kila mara aliambiwa "iko sawa". Raki ya usukani, chuma cha meno kinachosukuma tairodi, alishaanza kuulizia bei. Fedha alizokwishatumia zilitosha kununua bodaboda, na gari lilikuwa vile vile au limezidi.

Nililiendesha mwenyewe kabla sijagusa spana. Hadi Nyali na kurudi, polepole, kisha mara mbili kwenye kona ninayoijua, kilomita 50 kwa saa, lami ikiwa imeshakauka. Linaingia kona vizuri kabisa, na hilo ndilo linalodanganya. Katikati ya kona linagota, kama mtu aliyekaa kwenye kochi lililokatika springi akafikia ubao, na papo hapo mkia unakuwa mwepesi. Nikaachia mafuta kidogo tu, pua ikajipeleka ndani ya kona peke yake, na mikono yangu haikuwa imefanya kitu.

Wazee wetu wa jahazini wana neno lao, kwenda mrama, chombo kinapoyumba ubavu kwa ubavu. Gari hili halikuwa likienda mrama. Gari bovu shoki huenda mrama: linainama, linainuka, linainama tena. Hili lilikuwa likiinama mara moja, likagota, likatupa. Shoki mpya zilikuwa zinafanya kazi yake. Kwa hiyo moja katika ile orodha ya ami nikaifuta hapo hapo.

Nikaanza na kitu cha bure, upepo wa tairi. Kibandiko cha Mazda chasema psi 26, mbele na nyuma. Geji yangu ilisoma 37 mbele na 36 nyuma. Kijana wa pampu hutia kipimo anachokijua, cha Probox iliyobeba miraa au matatu iliyojaa, na hapo hana kosa. Lakini gari jepesi hivi likijazwa hivyo, tairi linakuwa kama chungwa: linagusa lami kwa katikati tu. Tukashusha hadi 26, tairi zikiwa zimepoa, nikatoka tena. Mifereji ya malori ikapungua ukali, labda kwa theluthi. Mkia ule ule.

Nikasoma tairi zenyewe. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT; mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Za mbele zilikuwa mpya. Za nyuma zilisoma 1213, wiki ya 12 ya mwaka 2013. Mashavu bado yako, mtu akipima kina cha mifereji atasema zina maisha, lakini ukizibonyeza kwa ukucha ni kama kigae. Jua la Mombasa huioka raba hata gari likiwa limesimama. Na hapa kuna desturi ambayo sijui nani aliileta: ukinunua tairi mbili mpya, funga mbele, "kwa sababu ndizo zinazokata kona". Mbele zikiteleza gari linakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma zikiteleza unatazama ulikotoka. Mpya zinakaa nyuma. Kwenye gari hili kipimo ni kimoja kote, 185/60 R14, kwa hiyo tulizihamisha kwa dakika ishirini bila ya kununua kitu.

Likawa bora. Ami alifurahi, akataka kuondoka nalo. Nikamwambia ngoja. Kule kugota kulikuwapo, na pua bado ilijipeleka ndani nilipoachia mafuta, ila sasa tairi zilikuwa zinasamehe. Tairi nzuri ni kama mama mkwe mwenye adabu, hulificha tatizo la nyumba mpaka liwe kubwa.

Hapa ndipo nilipopotea. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu, anasema usukani, usukani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuona mzito na hauna hamu ya kurudi katikati. Nikaliinua mbele, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Vitabu vya Kizungu huandika shika saa 12 na saa 6; sisi twasema saa sita na saa kumi na mbili; namba ni zile zile zimebadilishana viti, kwa hiyo mwanagenzi hapotei hata akisoma kinyume. Boljointi ya chini kulia, kile kiungo cha mviringo kinachoshika tairi, ilikuwa na uhuru kidogo. Nikaikamata kama mwizi. Jioni yote ilikwenda kuitoa na kuweka nyingine. Nikaliendesha: hakuna kilichobadilika. Boljointi ilihitaji kubadilishwa, sikatai, lakini haikuwa kesi iliyoletwa mbele yangu. Ile alama ya kuuliza daftarini ilikuwa ikinitazama wakati wote.

Mtu huendesha gari kwa mikono na makalio. Mikono iko kwenye usukani, kwa hiyo kila kitu kinachokwenda kombo husikika hapo kwanza, hata kikitokea nyuma. Na kwenye Roadster nyuma si mbali: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.265 tu. Ekseli ya nyuma ikigeuka milimita chache, gari fupi hivyo hugeuka mara moja, na wewe unaona usukani ndio umekosa.

Alhamisi asubuhi nikachukua futi. Kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa tao la bodi, pembe zote nne, gari limesimama penye usawa na mtu mwenye uzito wa ami amekaa kitini (mwanagenzi wangu pamoja na kisanduku cha spana). Nyuma lilikuwa chini kuliko mbele, na nyuma kushoto chini zaidi. Nikachungulia springi: zote nne zimekatwa. Unaiona mara moja, ncha imekatwa kwa grainda, haina umbo la kiwandani, rangi imeungua. Mmiliki wa pili au wa tatu alitaka gari lilale chini.

Wazee wa gereji yetu kila wakiona gari la milango miwili huanza hadithi za Safari Rally, Joginder Singh na Lancer yake akishinda mwaka 1974 na tena 1976, Datsun 240Z za 1971 na 1973. Hadithi tamu. Lakini magari yale yaliinuliwa! Yalipewa nafasi ya tairi kupanda na kushuka, kwa sababu barabara zilikuwa na mashimo. Sisi tuna mashimo, tuna matuta yasiyo na rangi, halafu tunakata springi.

Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, si laini, maana mizunguko inayofanya kazi imepungua. Hilo peke yake si janga. Janga ni nafasi. Roadster ya kizazi hiki hata kiwandani haina nafasi kubwa ya kupandisha tairi. Juu ya fimbo ya shoki kuna stopa, kipande cha povu gumu kinachozuia chuma kisigonge chuma, na gari hili limebuniwa kuiegemea stopa hiyo taratibu likiinama. Ukishusha gari, umekula nafasi yote. Gari linasimama karibu juu ya stopa. Na stopa za ami hazikuwapo. Nilikuta vumbi la njano na kipande kimoja kama jino la mtoto.

Ili nisimwambie mtu jambo la kukisia, nilifunga kamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye kila fimbo ya shoki ya nyuma, nikaisukuma hadi chini ikagusa mwili wa shoki. Gari likiinama, mwili wa shoki unaipandisha kamba, gari likirudi kamba inabaki pale ilipofika. Nikapita ile kona yangu mara moja, 50 kwa saa, bila tuta wala shimo. Kulia kamba ilipanda ikaacha nafasi ya kidole. Kushoto ilikuwa imebanwa juu kabisa, imepasuka. Chuma kilikuwa kimegonga chuma kwenye kona ya kawaida ya kwenda sokoni.

Basi kugota kukawa na maelezo yake. Tairi la nyuma la nje linabeba uzito kwa springi, springi inabonyea, mambo ni shwari. Kisha chuma kinafika mwisho na papo hapo hakuna springi tena. Uzito wote unaoongezeka unamwagika juu ya tairi hilo moja kwa mpigo. Tairi la 2013 haliwezi. Linaachia. Mlio wa ku-tu nao ulitoka humo humo: springi iliyokatwa ni fupi kuliko shoki ikining'inia, kwa hiyo gari likiruka tuta, springi inalegea kitini mwake, kisha inarudi kwa kishindo.

Ningeweza kusimama hapo, na watu wengi wangesimama. Lakini kugota hakuelezi kwa nini pua inajipeleka ndani ninapoachia mafuta hata polepole, wala kwa nini gari halitulii darajani. Magonjwa mawili yalikuwa yamelala kitanda kimoja.

Nikamtuma kijana Mwembe Tayari akaniletee mshipi wa kuvulia. Mashine ya alaimenti ni nzuri, lakini mshipi haudanganyi na hauna karatasi ya kumwonyesha mteja rangi ya kijani. Unaweka stendi nne kwenye pembe za gari, unavuta mishipi miwili pande mbili, sambamba na gari lenyewe. Ukumbuke kwamba upana wa tairi za nyuma za Roadster unazidi wa mbele kidogo, hivyo mshipi hauwi umbali mmoja na vitovu vya mbele na vya nyuma. Kinachotakiwa ni kulia na kushoto vilingane. Kisha unapima kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu, mbele ya tairi na nyuma ya tairi. Tofauti yake ndiyo inayokuambia tairi linatazama wapi.

Mbele: sawa, karibu sifuri. Wale wa alaimenti walifanya kazi yao, mbele. Nyuma kulia: linatazama ndani kwa milimita 3. Nyuma kushoto: linatazama nje kwa milimita 4.

Tairi la nyuma linalotazama nje ni jambo ambalo sipendi kuliona kwenye gari lolote. Na ukizijumlisha, tairi zote mbili za nyuma zilikuwa zinatazama kushoto. Maana yake ekseli ya nyuma inataka kwenda kushoto, pua inataka kwenda kulia, na dereva anaishikilia. Gari lilikuwa likienda upogo, kama kaa wa mikokoni. Mahali pote patatu walikopima, usukani ulikuwa umekaa kombo. Wakaunyoosha kwa kurekebisha tairodi za mbele mpaka usukani ukakaa sawa. Gari likabaki kaa, ila kaa mwenye usukani ulionyooka. Nilimwomba ami zile karatasi. Alikuwa nazo mbili. Safu ya nyuma imechapwa nyekundu kwenye zote mbili.

"Hawakukuambia habari ya hizi nyekundu?"

"Walisema nyuma hairekebishiki."

Hurekebishika. Roadster ina mikono miwili kila tairi, wa juu na wa chini, na mkono wa chini umeshikwa kwenye chasisi kwa bolti mbili zenye sahani iliyopogoka kama yai. Ukiizungusha bolti, yai linasukuma mkono ndani au nje. Bolti nane kwa gari zima, nne mbele, nne nyuma, na kwa hizo unaweka kemba (tairi kulala kwa juu, ndani au nje), unaweka kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi la mbele huzungukia likigeuka), unaweka mwelekeo wa tairi za nyuma. Ni magari machache ya bei hiyo yanayokupa uhuru kama huo. Nikatia spana kwenye ya kwanza. Nati ikafunguka vizuri. Bolti haikuzunguka. Ya pili, haikuzunguka. Niliegemea bomba la mita moja, na badala ya bolti kuzunguka, mkono mzima ukajipinda kwenye raba yake.

Bolti hupita ndani ya kijibomba cha chuma kilichomo katikati ya bushi, ile raba ya kiungo cha mkono. Baina ya bolti na kijibomba kuna nafasi ya unywele. Chumvi ikiingia humo haitoki. Huvuta unyevu hata siku za kaskazi kavu, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, kwa hiyo kutu hukimbia. Ikijaa, bolti na kijibomba huwa kitu kimoja. Ami anakaa Kizingo, gari linalala nje, upepo wa bahari unalipiga ubavu. Nilipomuuliza analiosha vipi, akajibu kwa fahari kwamba kila Ijumaa, na wale vijana hupiga maji hadi chini. Maji gani? Ya kisima. Nikacheka, kwa kweli nilicheka. Visima vingi vya kisiwani maji yake yana chumvi. Ami alikuwa akilipaka gari dawa ya kutu kila wiki, kabla ya swala.

Kilibaki kitu kimoja cha kuona kwa macho. Gari likiwa juu ya stendi bushi haisemi ukweli, kwa sababu mikono inaning'inia na haibebi kitu. Nililiacha juu ya tairi zake, nikaweka magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele, nikaegemeza simu sakafuni ikirekodi mkono wa chini wa kushoto nyuma, mimi nikakaa mbali pembeni. Mwanagenzi akatia gia ya kwanza, akaachia klachi robo, gari likajivuta likazuiwa na magogo. Kisha rivasi, vivyo hivyo. Kwenye video unaona mkono unakwenda mbele, unarudi nyuma, kama mlango wenye bawaba moja. Bushi ya mbele ya mkono huo ilikuwa imechanika raba kutoka kwenye kijibomba chake. Nilikadiria milimita 5 au 6 za kucheza. Upande wa kulia mkono haukutikisika.

Sasa fuatana nami. Ukikanyaga mafuta, tairi la nyuma linasukuma mkono mbele. Mkono wa kushoto ukijipinda mbele, tairi linageuka kutazama ndani, na gari linatulia. Ukiachia mafuta, tairi linaburuta mkono nyuma, na lile lile linageuka kutazama nje. Kwenye kona ya kulia hilo ndilo tairi linalobeba gari. Kwa hiyo kila mara ami alipoogopa akaondoa mguu, gari lilijipigia usukani wa nyuma bila ruhusa, likamtia hofu zaidi. Darajani upepo ukimfanya aachie na kukanyaga, tairi hilo lilikuwa likipepesa macho nje, ndani, nje.

Na ni nani aliyeichana bushi? Nadhani shoki mpya. Si zenyewe, ila ufungaji. Bushi hizi raba yake imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, haizunguki, inajipinda tu. Ukikaza bolti za mkono gari likiwa limeinuliwa, tairi zinaning'inia, umeiambia raba kwamba hapo ndipo katikati. Gari likishushwa, raba imeshajipinda kabla hata ya safari, na kila tuta linaizidishia. Raba ya miaka thelathini haistahimili hilo. Aliyefunga shoki alilegeza mikono ili apate nafasi, akaikaza gari likiwa hewani. Kosa la kawaida mno, na mimi nimelifanya nilipokuwa kijana.

Matengenezo hayana hadithi ndefu isipokuwa sehemu moja. Kutoa zile bolti za nyuma kulichukua siku mbili. Mbele tulitumia moto wa gesi kidogo. Nyuma nilikataa katakata, kwa kuwa tangi la petroli la Roadster liko nyuma ya viti, juu ya ekseli, na turubai na mazulia yako hapo hapo. Tulilowesha mafuta ya kutu usiku kucha, tukagonga, tukalowesha, mwishowe tukazikata kwa msumeno wa mkono baina ya bushi na chasisi, mwanagenzi na mimi kwa zamu. Kati ya nane moja ilitoka nzima. Tulipokuwa chini nilichoma kingo za pembeni kwa bisibisi, maana Roadster hupenda kuoza mbele ya tairi za nyuma. Tundu moja lilipatikana, mbali na mahali pa kushikia mikono. Linaweza kungoja.

Bolti na bushi ziliagizwa nje. Ami alishauriwa na rafiki yake aweke bushi za poliyurethini, nyekundu, zinapendeza. Kwa gari la mashindano sawa. Kwa mtu wa Kizingo anayekwenda Bamburi kula samaki Jumapili, raba ya kiwandani ni kimya, haihitaji grisi, na hudumu zaidi ya umri uliobaki wa sisi wawili. Kuna aliyejitolea kutuchongea bushi kutoka tairi la lori. Nilimshukuru. Springi ambazo hazijakatwa zilitoka kwenye gari lililopasuliwa Nairobi, zikaja kwa basi, na stopa mpya nne ndizo zilikuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote.

Kila bolti ilipakwa grisi ya shaba kabla ya kuingia. Tulikaza kwa mkono, tukashusha gari, tukaliviringisha mbele na nyuma, tukalibonyeza, kisha ndipo tukakaza kwa nguvu likiwa limesimama kwa miguu yake. Kwa mashine tukaweka nyuma kila tairi litazame ndani kwa milimita 1.5, kemba hasi digrii 1.2, mbele mwelekeo sifuri, kemba hasi 0.8, na kasta kubwa kadiri bolti zilivyoruhusu, pande zote sawa. Hiyo kasta ndiyo iliyourudishia usukani hamu ya kurudi katikati. Raki haikuguswa.

Tulikwenda Dongo Kundu asubuhi ya Jumapili, ami akiendesha, mimi pembeni. Juu ya daraja la Mteza kusi lilikuwa likivuma na nilimwona ameshika usukani kwa vidole. Kwenye kona moja nikamwambia aachie mafuta yote. Alinitazama kama nimemtukana. Akaachia. Pua ikaingia kidogo, taratibu, mkia ukafuata, basi. Akarudia mara tatu zaidi bila ya kuambiwa.

Mtetemo kidogo kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa umebaki. Rimu ya mbele kulia imepinda, na zile tairi za 2013 bado ziko mbele zikingoja mwisho wa mwezi usiofika. Mifereji ya Jomvu nayo inamvuta kidogo. Gari jepesi kwenye njia ya malori halina la kufanya.

Baada ya miezi miwili alinipigia simu usiku. "Fundi, imerudi. Vile vile." Nilimwambia asiende popote, aje asubuhi. Alipofika sikufungua boneti wala sikuinama chini. Nilitoa geji mfukoni. Psi 38, zote nne. Alikuwa amepitia kwenye pampu Alhamisi, kijana akamwona ni mtu mzima, akamhudumia vizuri. Tukatoa upepo hadi 26, akazunguka mtaa, akarudi akiwa kimya. Siku hizi ana geji yake mwenyewe, anaiweka kwenye dashibodi pamoja na tasbihi.